Kifaru Akiuona Mwaka Mpya

Mbwa wangu aliitwa Kifaru, na jina lilikuwa kubwa kumliko mwenyewe. Alikuwa kijibwa cha miguu mifupi, rangi ya majivu, sikio moja limesimama na jingine limechoka. Jina alipewa na mwanangu Mulei kabla hajaenda Mombasa kutafuta kazi, kwa sababu mbwa huyo hakujua kupunguza mwendo. Akikuona unarudi kutoka soko la Tawa alikuja mbio mpaka akakugonga magoti, na kama umebeba mayai, shauri yako na Mungu wako. Nilimpenda. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu kwetu mtu mzima hakubali kwamba anampenda mbwa. Husema anamfuga afukuze ngedere shambani. Ngedere aliwafukuza, lakini sikumpenda kwa ajili ya ngedere.

Nyumba yetu ndiyo ya mwisho kabla ya msitu wa serikali. Ukivuka tuta la juu la shamba letu unaingia kwenye misonobari. Kila Desemba wanawake wa kanisa walipanda huko kukata matawi ya kupamba kanisa kwa ajili ya Krismasi, na kwa kuwa ule mlima hauna huruma na mgongo wa mtu, mizigo ililazwa uani kwangu, kesho yake vijana wakaja kuishusha. Mwaka ninaousema, mwishoni mwa miaka ya sabini, msitu ulikuwa umeingiliwa na viwavi. Si wale wa mahindi tuliowazoea. Hawa walikuwa wanene kama kidole gumba, wa kahawia, na manyoya marefu yaliyosimama. Jioni mizigo ilipolazwa uani nilimwona mmoja akitambaa juu yake, nikamsukuma kwa kijiti. Nani hupiga mbiu kwa ajili ya kiwavi?

Asubuhi nilifagia uwanja kama kawaida, takataka nikazitia motoni. Kugeuka, namwona Kifaru amesimama mlangoni pa jiko, kichwa chini, mate yanamtoka kwa nyuzi mpaka yanagusa ardhi. Ulimi ulikuwa umevimba hadi haukuenea mdomoni, na alikuwa akijikwaruza uso kwa miguu ya mbele huku akilia kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikadhani ni mfupa umemkwama. Nikazungusha kitambaa kidoleni, nikaingiza mkono mdomoni mwake nipanguse nione. Maumivu yalimzidi, akafumba taya, na jino likanichana kiganja. Kitambaa kilitoka na manyoya ya kahawia, nikamkumbuka yule kiwavi. Hakuniuma kwa hasira. Wewe ukiguswa kidonda hufumbi mdomo?

Wakati huohuo shemeji yangu Kivuva, kaka mkubwa wa mume wangu na mzee wa kanisa, akaingia uani na vijana wake kuchukua matawi. Akamwona mbwa anatokwa na povu. Akauona mkono wangu unatoka damu.

"Aiya! Hiyo mbwa imekuuma?"

"Hajaniuma. Amenichana. Amekula kiwavi kwenye hayo matawi yenu."

"Kiwavi gani inatoa mbwa povu? Leteni maji."

Wakaleta maji kwenye sufuria. Kifaru alikuwa na kiu, maskini, akaja haraka kama kawaida yake, lakini ule ulimi ulipogusa maji alipiga yowe akarudi nyuma mpaka ukutani. Basi. Kila mtu pale alijua kwamba mbwa mwenye kichaa huogopa maji, na sasa wameona kwa macho yao. Wahenga walisema ukitaka kumwua mbwa mpe jina baya. Wangu alipewa mchana kweupe, mbele ya mashahidi.

Simwiti Kivuva mjinga. Mwaka uliotangulia mtu mmoja wa upande wa Tawa alikufa kwa kuumwa na mbwa, na Kivuva alikuwa miongoni mwa waliomfunga kamba kumpandisha kwenye lori. Aliona jinsi alivyokuwa akihangaika akioneshwa kikombe. Alirudi kutoka safari ile akiwa mtu mwingine. Kwa hiyo alikuwa na hofu ya kweli, ila hofu ya mzee wa kanisa ina taabu yake, kwani haisemi kwamba ni hofu, inatoa amri.

"Mutunga," akamwambia mume wangu, "chukua shoka umalize hii maneno saa hii."

Mume wangu ni seremala, mtu mpole, hajawahi kumpiga hata punda. Alichukua shoka. Mimi nilikuwa nimeshamvuta Kifaru ndani ya ghala tupu, nimesimama mlangoni.

"Toka hapo, Mama Mulei," akasema. "Nafanya hii kwa sababu yako."

"Kwa sababu yangu? Ukimuua, mimi utamuuliza nani kama nitapona? Akiishi, ujue hana kichaa, na mimi sina. Akifa kwa shoka lako tutakaa hapa mwaka mzima tukiangaliana. Piga basi. Piga."

Akaegemeza shoka ukutani. Kivuva akatema mate, akawaamuru vijana wabebe matawi, wakashuka nayo kanisani, viwavi na wote. Kisha akatuma mtu kumwita bwana mifugo.

Ndeti, bwana mifugo, alifika na pikipiki yake kabla ya jua kuwa kali. Alimtazama Kifaru kwa mbali, akamulika mdomo kwa tochi, akauliza habari ya matawi nikamweleza. Alikubali kwamba manyoya ya viwavi wale yana sumu na yanaweza kuvimbisha ulimi wa mbwa namna ile. Nilitaka kumkumbatia. Akaniambia nisimsugue tena mdomo, kwa sababu kusugua huvunja manyoya na kuyazamisha. Nimmwagilie maji kutoka pembeni, kichwa kimeinama, yaoshe na kutoka nje, na mkono wangu usiingie tena mle ndani. Mimi mwenyewe akaniosha kiganja kwa sabuni kwa muda mrefu mpaka nikachoka kusimama.

"Na huo mkono unawasha?" akauliza.

"Unawasha sana! Si hiyo ndiyo ushahidi? Ni manyoya ya kiwavi yameniingia."

Ndeti aliuachia mkono wangu. Alitazama viatu vyake.

"Mama, sitaki kukudanganya. Hata ile ingine inaanza hivyo. Mahali jino limeingia panawasha."

Akanieleza kwamba kuna sindano za tumboni kwenye hospitali kubwa, lakini dawa ilikuwa imeisha na mzigo mwingine ulitarajiwa baada ya sikukuu. Mbwa afungwe, apewe kila kitu, asiguswe na mtu. Mwenye kichaa hachukui muda mrefu kufa. "Huyu akiuona Mwaka Mpya akiwa mzima," akasema, "hata wewe utaona mingine mingi." Akamwambia Kivuva kwamba mpaka siku hiyo asithubutu mtu kumuua mbwa huyo, kisha akawasha pikipiki akaenda zake.

Tangu hapo roho yangu haikukaa kitako. Nilikuwa nikianza kupepeta mtama nauacha, naenda ghalani. Naanza kufua, nauacha mche wa sabuni majini, naenda ghalani. Nilimnywesha Kifaru kwa birika la chai, lile la mdomo mrefu, maji kidogo kidogo kwenye kona ya taya, na nusu ya maji ilimwagika. Nikirudi nilikitazama kiganja changu. Kiliwasha. Nikakikuna. Nikajiuliza kinawasha kwa sababu gani, nikakikuna tena. Siku nyingine kiliacha kuwasha kabisa, na hilo nalo likanitia hofu, kwa sababu sikukumbuka kama Ndeti alisema kuacha ni kuzuri au kubaya.

Na wageni! Sijawahi kukaribishwa vinywaji vingi vile hata siku ya harusi yangu. Mtu ambaye hakuwahi kuniazima chumvi alipanda mlima na chupa ya Fanta. Mwingine alileta chai, mwingine maziwa ya mgando. Wote waliniambia, "Kunywa, Mama Mulei, upate nguvu," kisha wakakaa mkao wa kutazama koo langu. Nikimeza, wanashusha pumzi. Nikisita kwa sababu chai ni moto, wanasogeza kiti. Vyombo vyao hawakuvitaka tena. Waliniachia, eti zawadi.

Aliyeniudhi kuliko wote ni mama mkwe wangu, Syokau, ambaye sote tulimwita Mwaitu, yaani mama. Yeye alikuja kila asubuhi, na fimbo yake, na uji kwenye kikombe cha bati. Hakuwa mtu wa maneno. Alikaa kwenye kigoda mkabala nami, akatazama. Mimi kwa hasira nilikunywa mafunda machache nikakisukuma kikombe. Alichungulia ndani aone kimebaki kiasi gani, akakifunika kwa leso, akaondoka nacho taratibu. Niliamini anakwenda kwa Kivuva kumpimia: leo amekunywa hapa, jana alikunywa pale. Nilikichukia kikombe kile kuliko ugonjwa.

Mume wangu naye akaanza kulala sebuleni kwenye benchi lake la useremala, akidai chumbani kuna joto. Desemba, mvua inanyesha, mlima mzima umefunikwa na ukungu, yeye anaona joto. Usiku nilisikia benchi likilia akigeuka.

Kabla kidogo ya Krismasi nilikuta kipande cha nyama nje ya mlango wa ghala. Nyama nzuri ya mbuzi. Watu wa mtaa wetu nawajua. Nyama ni ya sikukuu, na hakuna anayemtupia mbwa wa mwenzake nyama kabla hajaila yeye. Nikaitupa chooni, nikahamishia kazi zangu zote pale mlangoni. Nilisukia kiondo pale, nikachambulia mboga pale. Kifaru alilala ndani akinitazama kwa macho mekundu. Ncha ya ulimi wake ilikuwa inageuka nyeusi, na mimi nilimwimbia nyimbo za tenzi kwa sauti mbaya, kwa sababu nilikuwa naogopa na sikuwa na mwingine wa kumwimbia.

Siku ya Krismasi nilikwenda kanisani. Nilikaa benchi la tatu, na benchi likawa langu peke yangu. Kanisa lilikuwa limependeza, lazima niseme kweli: matawi ya msonobari juu ya kila dirisha, mengine yamefungwa kwenye mbao za paa juu ya vichwa vyetu, na harufu yake tamu. Wimbo wa pili haujaisha, mtoto mmoja akaanza kulia. Kisha mwingine. Kwaya iliyosimama chini ya matawi mengi ikaanza kujikuna, kwanza kwa aibu, kisha bila aibu. Kivuva alikuwa anasoma tangazo la sadaka huku anajikuna shingo, anasoma, anajikuna, mpaka kola ikafunguka.

Mimi sikungoja maombi. Nilipanda juu ya benchi, nikang'oa tawi moja kwa leso, nikaenda nalo mbele, nikalitikisa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Wakadondoka. Viwavi wanne, watano, wanene, wenye manyoya, wakaanza kutambaa kwenye kitambaa cha Krismasi mbele ya mchungaji na mbele ya Mungu.

"Hao hapo!" nikapaza sauti. "Hao ndio kichaa cha mbwa wangu! Mwangalie shingo ya mzee Kivuva, naye mumfunge kamba?"

Watu walicheka, wengine wakapiga kelele, ibada ikahamia nje. Nikasema wasiyachome yale matawi karibu, moshi wake utabeba manyoya. Wayatie shimoni wayafukie. Nani angemsikiliza mwenye kichaa? Waliyachoma nyuma ya kanisa, na waliosimama upande wa upepo walikula Krismasi macho yamevimba.

Nilidhani nimeshinda. Jioni Kivuva alikuja mpaka kwenye tuta la chini, akasimama hapo, shingo imepakwa mafuta ya ng'ombe.

"Viwavi tumeona," akasema. "Hiyo umesema ukweli. Lakini, Mama Mulei, kiwavi haizuii kichaa. Mbwa inaweza kuwa na zote mbili."

Hilo ndilo lililoniuma, kwamba alikuwa na haki. Hata Ndeti, nilipompelekea habari, alifurahi akanishika mkono, ule wangu mzima, na akarudia yaleyale: ngoja Mwaka Mpya.

Siku zile kati ya sikukuu mbili ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi. Ile ncha nyeusi ya ulimi wa Kifaru ikakatika, nikaikuta kwenye majani aliyolalia, kipande kikubwa kama kucha. Nililia. Nilidhani ndiyo mwisho. Lakini kesho yake alikula ugali uliolainishwa kwa maziwa, akalamba hata sahani vibaya vibaya, na ule mkia ambao nilikuwa nimeusahau ukagonga ukuta mara moja.

Asubuhi ya Mwaka Mpya ibada ilipokwisha mlima ukajaa watu. Walikuja na nguo za kanisani wakasimama kwenye matuta kama wanatazama mpira. Ndeti alikuwepo, akanipa ishara, nikafungua kamba. Kifaru akatoka ghalani akipepesa macho. Akaona pikipiki ya Ndeti, ambayo tangu zamani aliichukia, akaikimbilia kwa zile mbio zake za upuuzi akaigonga kwa kichwa. Kisha akaenda kwenye ndoo ya maji waliyoiweka makusudi katikati ya uwanja, akanywa. Akanywa kwa ulimi mfupi, akimwaga maji pande zote, akanywa bila kuinua kichwa. Watu wakapiga makofi. Ndeti akatangaza, "Hii mbwa ni mzima, na mama ni mzima." Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi na gauni langu la kanisani, nikamshika shingo.

Kivuva alikuwa anacheka kwa furaha; simzulii, alifurahi kweli. Akachota maji safi kutoka mtungini kwa kikombe, akanijia nacho.

"Na wewe sasa kunywa kidogo, Mama Mulei, watu waone. Tumalize hii maneno."

Nikasimama. Nikakitazama kikombe. Nikaona Fanta zote na chai zote na macho yote yaliyokaa kwenye koo langu, nikaona lile benchi kanisani.

"Sinywi," nikasema.

Kicheko kikakatika. Mstari wa mbele ukarudi nyuma. Nilimtafuta mume wangu kwa macho, nikaona mguu wake. Mguu wa kushoto ulikuwa umerudi nyuma pamoja na wenzake.

Ningeweza kunywa na yakaisha. Nilijaribu hata kunyoosha mkono, lakini koo lilikuwa limefunga kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote zile. Mbwa ni mzima, nimemwona. Bwana mifugo amesema. Lakini maji yako mbele yangu na siwezi kuyameza, na sikujua tena kama kinachonikaba ni hasira au ni ile kitu yenyewe.

Fimbo ikasikika nyuma ya watu. Mwaitu alipita katikati yao akiwagonga vifundo vya miguu ili wampishe. Akamnyang'anya mwanawe kikombe, akapiga funda, kisha akawageukia.

"Mnarudi nyuma mnaenda wapi? Ule uji huyu alikuwa anaacha kila asubuhi, mnafikiri mimi nilikuwa namwaga? Nilikuwa naunywa pale njiani, wote, mpaka chini. Nilisema kama ni kufa tutakufa wawili. Mimi sitabaki hapa kupikiwa na nyinyi wanaume."

Kivuva alivua kofia. Mimi niliangalia mikono ya yule mama, imeshika kikombe kwa nguvu, nikajua kwamba naye aliogopa, kila asubuhi, pale njiani peke yake, na akanywa.

Alinipa kikombe. Koo likafunguka. Nilikunywa nusu nikamrudishia, naye akamaliza, akakigeuza mdomo chini mbele ya watu wote ili waone hakuna kilichobaki.